Taa Mbili Kabla ya Tazara

Baba aliendesha malori ya mizigo kati ya Dar na Tunduma mpaka sukari ilipoitia miguu yake ganzi, akawa hajui kama amekanyaga breki au zulia. Macho yake hayakuwa na shida. Basi tulipokubaliana kwamba gari lake dogo nitaliendesha mimi, alitoa sharti moja: akae mbele, upande wa kushoto, aniangalizie kioo cha pembeni. Nilikubali haraka, maana leseni yangu ilikuwa mbichi na foleni zilikuwa zinanitisha. Kazi yake yote ya maisha ilikuwa imebaki kwenye kiti kile, nami nililiona hilo nikiwa nimeshaharibu.

Kila mwezi tulitoka Pugu kwenda kliniki Mwananyamala. Njia nzima msemaji ni yeye. "Subiri, pikipiki. Haya, ingia sasa." Naingia. Nilimwamini kiasi kwamba niliacha kabisa kukitazama kioo cha upande wake, jambo ambalo mwalimu wangu wa udereva angenichapa kwa kulisikia.

Barabara kuu za mikoani malori yana adabu zao. Lori likikupita, wewe uliyepitwa unalipigia taa mara mbili mkia wake unapokuwa umekuvuka. Maana yake ni kwamba nafasi ipo, rudi kushoto. Naye anakushukuru kwa indiketa, kulia kisha kushoto, kila mtu na safari yake. Baba alinifundisha haya mezani, kwa kusukumasukuma vikombe viwili vya chai.

Siku moja tukienda kliniki nilijisahau upande wa kulia. Karibu na makutano ya Tazara, usipohamia kushoto mapema, daraja la juu linakubeba mpaka mjini, na sisi tulikuwa tunakata kushoto kwenda Buguruni. Niliwasha indiketa. Nyuma yetu, upande wa kushoto, kulikuwa na pikapu iliyobeba matangi ya maji. Ikapiga taa mara mbili.

"Amekuruhusu," baba akasema. "Ingia."

Niliingia. Bati likasaga bati.

Aliyeshuka kwenye pikapu alikuwa mama wa makamo, amevaa baibui, mzaliwa wa mjini kwa lafudhi yake. Alianza na baba dirishani. "Shikamoo mzee." Baba akaitikia marahaba. Ndipo akanigeukia mimi.

"Dada, mie nakupigia taa usije, we unakuja. Tuna ugomvi?"

"Si umeniruhusu?"

"Saa ngapi? Taa mbili maana yake napita mie, kaa hukohuko."

Mwenye bodaboda aliyesimama kutazama akasema inategemea: taa moja ni pita, mbili ni subiri. Abiria wake akasema ni kinyume chake, na yeye ana uhakika kwa sababu shemeji yake ni dereva. Mimi nilisimama pale kichwa kikivuma. Watu wote hawa tunapishana kila siku barabara moja, kila mmoja na maana zake, na jioni tunafika nyumbani salama? Nilitaka kucheka, na kulia pia.

"Kwani nani kakwambia uingie?" yule mama akauliza.

Nilimtazama baba. Alikuwa ameshafungua mlango, mguu mmoja chini, fimbo mkononi, amevuta pumzi aseme. Nikamuwahi.

"Ni mimi, sikuangalia. Nampeleka mzee hospitali, alikuwa amesinzia."

Yule mama alilainika. Akapapasa mlango wa pikapu yake, akaona ni rangi tu iliyochubuka, akasema jamani mzee asicheleweshwe hospitali. Kisha akaenda mwenyewe katikati ya barabara na baibui lake, akanyoosha mkono, akayasimamisha magari ili mimi nihamie kushoto. Niliwasha indiketa kulia, nikawasha kushoto, kumshukuru kwa desturi ya malori. Akanikodolea macho, hakuelewa nataka kwenda wapi.

Mpaka Buguruni nilikuwa najisifu moyoni kwamba nimemsitiri baba yangu mbele ya watu. Nikamwambia, "Baba, yamekwisha." Tukapita Kigogo, pikipiki zikitupenya kushoto na kulia, naye hakutaja hata moja. Nilijua nimekosea. Sikujua nimekosea wapi, na mpaka leo sijui vizuri. Ningemwacha akiri, si ndiyo ningekuwa nimemwaibisha? Niliipanga sentensi ya kumwomba radhi mara tatu, na kila nilivyoipanga ilimtukana upya. Kliniki daktari alimuuliza miguu inaendeleaje, akajibu kwamba ni mizima.

Wakati wa kurudi, karibu na Gongo la Mboto, nilihitaji kuhamia kushoto nipitie duka la dawa. Niliwasha indiketa. Basi lililokuwa nyuma, upande ule wa baba, likapiga taa mara mbili. Safari hii nilikitazama kioo mwenyewe, na nilichoona ni taa tu, hazisemi kitu.

"Baba," nikasema, "huyu anasemaje?"

Alikuwa anatazama mbele, macho wazi kabisa.

"Mimi nimesinzia," akasema.