Kiganja Juu ya Bloku

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nane. La, siyo kumi na nane. Kumi na nane ufuta ulinyauka mashambani, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kununua hata tairi. Ilikuwa kumi na tisa, mwaka ambao Kiranjeranje nzima ilinuka petroli, maana kila aliyeuza ufuta alirudi nyumbani na pikipiki, na kila mwenye pikipiki alitaka imshinde jirani yake.

Wote waliishia kwa Dionis. Huyu alikuwa Mmwera wa Nachingwea, mzee wa miaka sitini na kitu, na alikuwa amekaa kwenye baraza ya duka la vipuri la Hyderali kwa miaka kumi na minane. Mdomo wake ulikuwa mchungu. Ukimpelekea pikipiki yenye cheni iliyolegea alikuuliza kwanza kama na mkeo unamtunza hivyohivyo, ndipo akashika spana. Lakini masikio alikuwa nayo. Alikuwa akiegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini inayonguruma, mpini ameubana sikioni, macho kayafumba, kisha anakwambia ni valvu ipi imelegea. Watu walimvumilia kwa sababu ya masikio hayo. Kumpenda, hakuna aliyempenda.

Yahya alimjia siku ya Jumapili. Alikuwa dereva wa bodaboda, mkubwa wa kijiwe cha pale barabarani, mtu asiyependa kupitwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeniletea pikipiki au chuma chakavu?"

"Nataka ipande kilima cha njia ya Kikole na abiria wawili bila kurudi gea ya kwanza. Wenzangu wananipita pale wananicheka."

"Wanacheka sura yako. Pikipiki haina kosa."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Yahya hakucheka, ila pikipiki aliiacha.

Kazi ilichukua siku tatu usiku na mchana. Dionis alilipeleka bloku la injini Lindi likachongwe ndani, akatia pistoni pana kuliko ile ya mwanzo. Hedi, kifuniko cha silinda, aliinyoa mwenyewe: alitandika msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akaisugua hedi juu yake kwa kuizungusha polepole, anafuta, anatazama, anasugua tena, mpaka chumba cha moto kikapungua kimo na mgandamizo ukapanda. Nyuma akafunga spoketi yenye meno mengi ili ivute mlima. Kwenye kabureta akaweka jeti yenye tundu kubwa kidogo, maana injini iliyoongezwa nguvu huongezwa na chakula. Ilipobaki kupima nafasi kati ya pistoni na silinda, alichana karatasi ya sigara, akaichomeka ubavuni, akaivuta. Ilitoka kwa taabu bila kuchanika. Ndivyo alivyofundishwa Nachingwea, na ndivyo alivyobana injini zote maisha yake yote.

Siku ya Jumatano asubuhi alimkabidhi Yahya, lakini ufunguo akabaki nao mkononi.

"Nisikilize, maana sirudii. Matangi matatu ya mwanzo ya petroli, usiivute mbio. Pistoni na silinda ni kama wake wenza, bado hawajazoeana. Ikikuzimikia njiani yenyewe, usiguse kiki. Shuka. Weka kiganja hapa kwenye bloku, usome Fatiha. Ukichomoa mkono kabla hujamaliza, bado ya moto, ngoja. Ukifika amina na mkono uko palepale, washa."

"Mkristo ananifundisha Fatiha!" Yahya aliwageukia wenzake.

"Nakufundisha kungoja. Dini yako unaijua mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yake ya joto. Wakristo aliwaambia wasome Baba Yetu, na mpagani mmoja wa mashambani alimwambia ahesabu wadeni wake.

Ijumaa alfajiri Mzee Ismaili wa Kikole akafariki. Mazishi yakapangwa baada ya sala ya Ijumaa. Binti yake, Nusaiba, aliolewa Lindi mjini, Rasbura, na habari ilimkuta huko. Aliposhuka kwenye basi pale Kiranjeranje jua lilikuwa utosini, na adhana ilikuwa imekwisha. Alitaka kitu kimoja tu, auone uso wa baba yake kabla jeneza halijatoka.

"Pikipiki ya nani inakimbia?" aliuliza, hana hata salamu.

Vidole vyote vikamwelekea Yahya.

Dionis aliwaona wanaondoka. Aliinuka barazani na spana mkononi, akapaza sauti, "Tangi moja hujamaliza, Yahya! Moja!" Yahya hakugeuka. Nusaiba ndiye aliyegeuka, akamtazama yule mzee kama mtu anayetazama gogo lililoanguka njiani.

Pikipiki ikafia katikati ya kilima. Nusaiba alimalizia kwa miguu, kandambili moja mkononi, na pale penye minazi ya kwanza ya Kikole akakutana na wanaume wanarudi kutoka makaburini, miguu yao imejaa udongo.

Kabla ya alasiri neno lilikwishafika barabarani, na lilikuwa limepikwa likaiva: fundi wa bara amemnyima mtoto uso wa baba yake.

Kesho yake hakuna aliyempa Dionis shikamoo. Watoto wa mtaa walipita mbali. Ziada, muuza vitumbua, alimwambia vimeisha, na beseni lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Alipofungua kopo lake la grisi alikuta mtu ametia mchanga. Madereva walisukuma pikipiki zao mbovu mbele ya baraza, makusudi, wakielekea kwa fundi wa mtaa wa pili ambaye juzi tu walikuwa wakimwita kinyozi.

"Mzee wa karatasi!" mmoja alipiga kelele. "Pima na jeneza langu!"

Jioni Hyderali akatoka ndani ya duka, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye ndugu na duka lingine Lindi.

"Fundi, watu hawapandi barazani kwangu. Leo nzima sijauza hata plagi."

"Mimi nimefanya nini?"

"Sijui. Mimi si fundi. Ila kama jambo hili halijaisha mpaka Jumatatu, uhamishe masanduku yako."

"Miaka kumi na minane, Hyderali."

"Ndiyo sababu nimesema Jumatatu. Mwingine ningemwambia leo."

Dionis hakulala vizuri. Mkewe alizikwa hapo hapo Kiranjeranje. Nachingwea hakubaki mtu wa kumfungulia mlango. Na umri wake hauanzi kazi upya chini ya mti wa watu wengine. Ile baraza ndiyo ilikuwa kwake.

Basi Jumatatu asubuhi alituma neno kijiweni: ileteni pikipiki, niifungue mbele ya macho yenu wote. Waliileta kwa furaha. Wangekosaje? Walikuja kumwona akiaibika. Nusaiba naye alikuja, matanga yamekwisha, anasubiri basi la kumrudisha Rasbura. Alisimama kivulini, mtandio ameushika kidevuni.

"Huyo hapo," alisema, hata sauti hakuipandisha. "Mtazameni alivyo mtulivu. Mimi hata sanda sikuiona."

Dionis akachuchumaa kando ya injini. Alifungua nati nne, akatoa hedi, akalivuta bloku. Pistoni akaiosha kwa petroli, akaifuta kwa kitambaa, akaiinua juu. Ubavuni ilikuwa imekwaruzika vibaya.

"Umebana mno!" Yahya akasema. "Kila mtu anajua unabana."

"Nimebana," Dionis akasema.

Alichomoa karatasi ya sigara mfukoni, akaiinua mbele yao.

"Nimebana kwa karatasi moja. Pistoni hii ni pana, ingetaka nafasi ya karatasi mbili, na mimi nikafuata mazoea. Hilo kosa ni langu, sitamtwika mtu."

"Amekiri! Mmesikia? Amekiri mwenyewe!"

"Hamishia karatasi zako kwenu bara!"

"Sijamaliza!" Mzee akagonga sanduku kwa spana. "Sogeeni. Wewe pia, Hyderali, uje uone. Hapa kuna majeraha mawili. Hili la chini ni jepesi, limepakwa weusi wa oili iliyoungua, na kingo zake zimesagika. Hili la juu ni bichi, linang'aa, limepita juu ya lile. Chuma hakijui kusema uongo. Pistoni ilishika ndani ya silinda mara ya kwanza, injini ikazimika. Haikufa. Ilikuwa inaomba kupumzika. Ingeachwa robo saa ingepoa, ingewaka, ingewafikisha taratibu. Lakini iliwashwa ikiwa moto, ikavutwa, na hapa ndipo ilipokufa."

Hyderali aliinama, akavaa miwani, akapitisha ukucha juu ya mikwaruzo. Akainua kichwa akamtazama Yahya.

"Ilizimika mara moja tu," Yahya akasema. "Palepale mwisho."

"Nipe mkono wako," Dionis akasema.

"Wa nini?"

"Nipe mkono, bwana. Unaniogopa? Mimi si mzee wa karatasi tu?"

Yahya alirudi hatua moja, lakini nyuma yake kulikuwa na watu. Dionis akamkamata kifundo cha mkono, akamgeuza kiganja juu. Katikati ya kiganja palikuwa na lengelenge, jekundu, limeanza kukauka, na chini yake mistari mitatu iliyonyooka, kama mapezi ya kupozea ya bloku yalivyonyooka.

Ziada aliyekuwa akipita na beseni lake alisimama.

"Ulishuka," Dionis akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na uchungu. "Uliweka mkono kama nilivyokwambia. Ulijua ni ya moto. Ulitaka kungoja."

Yahya alivuta mkono wake akauficha kwapani. Akamwangalia Nusaiba, kisha haraka akatazama chini. Nusaiba alikuwa amejifunika mtandio mpaka chini ya macho, na macho yenyewe yalikuwa barabarani, kule linakotokea basi. Na basi likaja. Alipanda wa kwanza, hakuaga mtu.

Hyderali alivua miwani. "Jumatatu ni Jumatatu, fundi, hamisha masanduku," alisema, akaingia ndani. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, wanatazama pembeni. Dionis alizipanga spana zake kwenye sanduku, kubwa chini, ndogo juu. Alipomaliza alikiinua kile kipande cha kioo cha kunyolea hedi, akamfuata Yahya aliyekuwa bado amesimama karibu na pikipiki yake iliyopasuliwa, na akamuuliza, polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Yahya, mwanangu, mkono ulipokuwa bado juu ya bloku, ni nani aliyekwambia uwashe kabla ya amina?"