Hukumu ya Jenerali Tadeo

Siku za kazi Tadeo alianika singa za mkonge katika shamba moja nje ya Tanga, chini ya mnyapara Hatibu. Jumapili mambo yaligeuka. Katika chama chao cha ngoma ya beni, yenye vyeo vya kijeshi na kifalme, Tadeo alikuwa Jenerali, na Hatibu, aliyejiunga mwaka huo wa 1953, askari wa kawaida tu.

Jumapili moja Hatibu alimpita Mastura, Malkia wa chama, bila kumpigia saluti. Tadeo akamhukumu kumbebea Malkia kiti kuzunguka uwanja. Watu wote walicheka, isipokuwa Hatibu.

Jumatatu Tadeo alikwenda kazini akijua huenda akafukuzwa. Hatibu alimwita ofisini, akafunga mlango, akasimama wima.

“Mtukufu Jenerali, nakata rufaa.”

“Rufaa gani, Bwana Hatibu?”

“Ulinihukumu kubeba kiti. Malkia naye akakikalia! Mwili ule haukuwamo katika hukumu.”

Tadeo alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi.

“Malkia hateremshwi na jenerali,” alisema. “Rufaa imetupwa.”

“Haya, Mtukufu,” alisema Hatibu akicheka, akimfungulia mlango. “Sasa kaanike singa.”