Kuaga Mara Tatu

"Sasa mimi niwaambie nini watu?" fundi cherehani alimuuliza nesi, gauni la upasuaji bado mwilini. "Tangu jana jioni sijatia hata tone la maji mdomoni. Mmeniambia nivue hereni, nimevua. Nitoe jino la bandia, nimetoa. Leo tena nirudi nyumbani?"

"Mama, mashine ya kuchemshia vifaa imekufa."

"Mara ya kwanza majeruhi wa ajali. Ya pili daktari wa usingizi anaumwa. Leo sufuria."

Nesi alikuwa mchovu kuliko yeye. "Utapigiwa simu, mama."

Miaka ishirini na miwili fundi huyu ameshona sare za shule kwenye kibanda kisichotosha watu watatu. Akikwambia Ijumaa, Ijumaa nguo ipo. Uvimbe wa kizazi ulipomjia, damu ikawa haikatiki, akashona amekalia taulo lililokunjwa, na Ijumaa ikabaki Ijumaa.

Kilichomchosha moyo kilikuwa kuaga. Kila akipangiwa tarehe, anarudisha vitambaa vya wateja, anamwonyesha binti yake pa kuwekea ufunguo, anapita kuomba radhi. Mara ya kwanza watu walilia. Mara ya pili walimwambia "haya, nenda salama" huku wakichambua mboga.

Tena ile mara ya kwanza aliropoka. Alimwungamia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, kwamba ile mita ya kitambaa cha gauni lake, miaka tisa iliyopita, haikuliwa na mkasi kama alivyodai. Ilikuwa dirishani kwake, pazia. Wifi alilia, wakakumbatiana. Kesho yake alipomwona fundi amerudi mzima, akamfuata mpaka kibandani. "Mimi nilijua unakufa. Sasa upo. Mita yangu iko wapi?" Tangu hapo wakawa watu wa salamu tu.

Siku hii ya tatu fundi alifika nyumbani, akajilaza na viatu vyake.

"Hospitali wakipiga," alimwambia binti yake, "waambie nimehama."

Binti hakubishana. Alitoka, akarudi na wifi, aliyebeba chupa ya uji.

"Nasikia umehama," wifi alisema.

"Siendi tena, wifi. Sina nguvu ya kujiandaa kufa mara ya nne."

"Nani kakutuma ujiandae kufa? Wenzio wanajiandaa kupona."

"Wenzangu wanapasuliwa. Mimi naagwa tu, kama maiti isiyozikwa."

Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda, akamvua kiatu kimoja, kisha cha pili. Alikuwa ameliona lile taulo kwenye kamba, doa halijatoka.

"Ukibaki hapa damu itakumaliza, unalijua hilo. Simu ikija, usimuage mtu. Funga kibanda kama unakwenda sokoni. Nitakaa nje ya mlango wa upasuaji mpaka wakutoe. Wakiahirisha, tunarudi wote, tunalala, tunakwenda tena."

Fundi alitazama dirishani.

"Na mita yako je?"

Wifi aliligeukia lile pazia. Jua lilikuwa limeshalila rangi.

"Nimekusamehe. Na safari hii sirudi nyuma, ufe usife."

"Basi wakipiga, niamsheni," fundi alisema, akapokea kikombe cha uji.

"Kunywa kwanza."