Sauti ya Skolastika

Kwa miaka kumi na tisa Skolastika Ntahondi amekuwa akiuza chambo ufukweni Ujiji. Huchimba nyungunyungu kwenye udongo mweusi karibu na mto Luiche, huwatia kwenye kopo lenye majani mabichi, kisha hushuka ziwani kuwauzia wavuvi wa ndoana. Wavuvi humsikia kabla ya kumwona: "Chambo hai, kinacheza! Shika mwenyewe uone!" Hakuna aliyewahi kusikia ubaya katika maneno hayo. Nyungunyungu akifa, samaki kama kuhe hamgusi. Mteja lazima ahakikishe.

Mwaka jana alikuja kijana mmoja wa Kigoma mjini, Erick, mwanamuziki anayejiita Riki Wimbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akamwomba arudie kunadi huku yeye akirekodi kwa simu. Alisema anakusanya sauti za nyumbani, zisipotee. Skolastika akanadi mara tatu, tena kwa furaha.

Miezi miwili baadaye akaisikia sauti yake ikitoka kwenye spika ya bajaji. Wimbo uliitwa "Chambo na Jeli". Riki aliimba kuhusu mwanamke mwenye mwili wa jeli ya stroberi, unaotetemeka ukiguswa, na kila alipofika penye aibu, ilikuja sauti ya Skolastika: "Shika mwenyewe uone!" Kwenye video wasichana walikuwa wakigaagaa katika beseni la jeli nyekundu.

Ufukweni wanaume wazima, wenye wajukuu, wakaanza kumwitikia kwa kukata viuno. Hilo alilivumilia. Lililomchoma ni la kanisani. Bonaventura, mwenyekiti wa kwaya, alimwita pembeni baada ya mazoezi.

"Mama Skola, pumzika kidogo kuimba, mpaka maneno yapoe."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ila watu wanaongea."

Miaka ishirini na miwili ya kuimba sauti ya pili, akaondolewa kwa kosa la mtu mwingine! Aliyemwibia sauti alikuwa anashangiliwa mjini, na aliyeibiwa ndiye aliyeambiwa akae kimya. Skolastika hakulia. Aliulizia ni lini Riki atahojiwa redioni, na siku hiyo akapanda kwenda mjini akiwa na kopo lake mkononi.

Mlinzi alimzuia. Mtangazaji, binti aitwaye Aikande, alisikia zogo mlangoni, akatoka. Alipoitambua ile sauti, akamwingiza hadi kwenye kipaza sauti, matangazo yakiwa hewani.

Riki alicheka. "Mama, mimi nimekupa jina! Mkoa mzima unakujua."

"Nilikuomba?"

"Lakini si maneno yako mwenyewe?"

"Ni maneno ya nyungunyungu! Uliniamkia, nikakuitikia kama mwanangu. Kumbe ulikuwa unanitega. Hizo jeli zako kaa nazo. Sauti yangu itoe."

Riki akasema wimbo umeshasambaa, haurudi. Skolastika akamuuliza kama mama yake mzazi angeimba kiitikio hicho. Riki akainamisha kichwa, na Aikande akaweka tangazo la sabuni.

Wiki iliyofuata Riki alitoa wimbo upya, kiitikio kikiimbwa na msichana mwingine. Hakuomba radhi. Bonaventura ndiye aliyekuja nyumbani, kofia mkononi, kusema sasa anaweza kurudi.

"Uliniondoa wakijua wote," Skolastika alimjibu. "Utanirudisha wakisikia wote."

Jumamosi iliyofuata, kwenye mazoezi, Bonaventura alisimama mbele ya wanakwaya na kukiri kwamba alimwonea. Skolastika alisubiri amalize, kisha akaenda kusimama mahali pake.

Wimbo wa kwanza bado unapigwa. Juzi, Skolastika akitoka sokoni kwa bajaji, dereva aliuwasha, naye akamwambia azime au amshushe palepale. Dereva alizima, akaomba samahani.