Profesa Aliyeomba Ruhusa

Habari za kifo cha Profesa zilinikuta mahali ambapo habari zote hunikuta, yaani kwenye kochi langu hapa Tottenham, soksi miguuni na chai ya pili mkononi. Dada yake ndiye aliyepiga simu. Alisema kaka yake ameanguka kazini kule Hayes, kwenye ghala, katikati ya shifti ya asubuhi, na gari la wagonjwa lilipofika halikuwa na la kufanya. Akaongeza kwamba Jumamosi watu watakusanyika kwake kwa sala, na mimi ndiye nitakayesema neno juu ya marehemu kwa kuwa ndiye niliyekaa naye sana. Nilitaka kumsahihisha kwamba mimi sikukaa naye, yeye ndiye aliyekuja kukaa kwangu. Wasomaji wangu mnanijua, mimi hutoka nje pale tu unga unapoisha, na hata hapo huwa naukagua mfuko mara mbili. Profesa alikuja siku zake za mapumziko kwa sababu aliyoitaja bila aibu, kwamba mimi ndiye Mtanzania pekee London nzima ambaye huna haja ya kumpigia simu kwanza kuuliza kama yupo.

Pale ghalani walidhani "Profesa" ni jina la utani, la kumdhihaki mzee anayevaa miwani akipanga maboksi. Kumbe alikuwa profesa kwelikweli, wa magonjwa ya mpunga, na alifundisha miaka mingi katika chuo kikuu kimoja huko Korea. Nami nilimtania kama wengine. Nilimwambia, "Wewe kaka umesoma mpaka wamekuchoka. Mimi shule ilinichoka kidato cha nne. Ona sasa tumekutana kwenye kochi moja." Alicheka, akaomba sukari, akaanza kusimulia. Sijui kama nilikuwa msikilizaji mzuri, lakini angalau sikuwa na pa kwenda.

Alivyonieleza, kazi ile ilikuwa ya mkataba, na mkataba ulihuishwa kwa pointi. Pointi zilitoka kwenye makala zilizochapishwa katika majarida ya nje, kwa Kiingereza. Ukiandika kitabu cha kumsaidia mkulima, wanakushukuru na hawakupi kitu. Jaribio lililoshindikana halikuwa na mahali pa kuandikwa, kwa sababu waliotoa fedha za utafiti walitaka matokeo kila mwaka, kana kwamba mpunga nao una mkataba. Jioni hakuna aliyetoka ofisini kabla ya mkuu wa idara, na mkuu akitaka mkale pamoja, mnakwenda, hata kama mkeo ana homa. Hakuwasema vibaya tu. Alisifu maabara zao kama mtu anayesifu jiko la mama mkwe, na wanafunzi wake aliwapenda. Kilichomkera ni namna ya kuombwa. Siku moja mkuu wa idara alimmiminia kinywaji kwa mikono miwili, ambayo kwao ni heshima, akamuuliza kwa upole kama asingeona vibaya kuongeza jina lake kwenye makala mpya. Mkuu yule hakuwahi hata kuukanyaga mpunga wenyewe. Profesa akaliongeza. "Aliniomba," aliniambia, "lakini nenda ukakatae ombi la mtu anayesaini mkataba wako."

Makala hiyohiyo ndiyo iliyommaliza. Waandishi walikuwa watatu: yeye, mkuu aliyejialika, na binti mmoja wa Kikorea aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari wa falsafa chini yake. Ilipokwisha kuchapishwa, Profesa aligundua kwamba mbegu za aina mbili zilichanganyika stoo kabla hawajazipanda. Hakuwepo wa kulaumiwa, lakini matokeo yote yalikuwa si kweli. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Akaamua kuliandikia jarida makala ifutwe. Hapo tatizo lilikuwa binti yule, maana idara yao haikumpa mtu shahada ya udaktari bila makala ya nje, na yeye alikuwa na hiyo moja tu. Profesa akamwita ofisini, akamweleza yote, akamwomba ruhusa. Binti akakubali papo hapo. Makala ikafutwa, mkuu akanuna, mkataba haukuhuishwa, na mwenzetu akaja London kwa dada yake, akaishia kwenye maboksi. Kila aliposimulia alimalizia na ujasiri wa yule binti, macho yakiwa yamelowa. Mimi nilikuwa naangalia kando na kuuliza kama chai inatosha.

Kwa hiyo Jumamosi nilivaa viatu, tendo ambalo majirani waliliona na kulijadili, nikaenda kwa dada yake na hotuba yangu kichwani. Ilikuwa nzuri, nakiri. Iliwahusu watu wawili waliochagua ukweli. Sebule ilijaa, viti vya kanisani vilifika mpaka karibu na lifti, na harufu ya pilau ilikuwa imetangulia huzuni kwa hatua kadhaa. Kabla ya sala dada akanivuta jikoni, akanipa simu. Ni yule mwanafunzi wa Korea, alisema, ameomba asikilize ibada, na yeye dada hana nguvu ya kuongea naye.

Kiingereza cha binti kilikuwa kizuri kuliko changu, ambacho nilikianzia sekondari na kukimalizia kwenye foleni za ofisi ya nyumba za halmashauri. Nilimpa pole, akanipa pole. Sasa anafundisha watoto hesabu za ziada jioni, shahada hakuipata. Nikataka kumfariji, nikamwambia kwamba marehemu hakuchoka kuusifu ujasiri wake siku ile alipokubali.

"Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake," alisema. "Alikuwa profesa wangu. Ningejibu nini?"

Hakulia wala hakulaumu. Alisema katika walimu wake wote huyo ndiye aliyekuwa mwema, wengine wasingemwambia kitu. Kila mwaka mpya Profesa alimtumia ujumbe wa kumshukuru kwa ujasiri, naye binti, kwa kukosa la kusema, alimjibu kwamba ni yeye anayeshukuru. Kisha akaniomba nisimwambie dada, nikaahidi.

Dada anaisoma safu hii, basi ili nisivunje ahadi ikanilazimu kwanza kumwomba binti ruhusa ya kuandika. Nilimwomba mara tatu, na kila mara nikamwambia kwamba akikataa nina habari nyingine za kuandika, za kochi langu, hazijawahi kuniishia. Mara ya kwanza alikataa. Nilifurahi sana kuona kwamba kwangu aliweza kukataa. Mwezi uliofuata akaandika mwenyewe kwamba niandike, na kwamba dada ameshaelezwa. Mara mbili zilizobaki nilimuuliza tu kama ana hakika.

Pale kwenye ibada nilikuwa nimesema nusu ya hotuba tu. Nilisema mtu huyu aliifuta kazi yake mwenyewe alipojua ni ya uongo, na ikamgharimu kila kitu. Hilo ni kweli na halipungui. Ya binti niliyaacha, simu ikiwa wazi mezani karibu na maua. Watu wakaitikia amina, wakala, wakauliza kwa nini nimekatisha.

Tangu hapo nawaza jinsi mtu mwenye akili kiasi kile alivyoelewa wazi kwamba ombi la mkuu wake lilikuwa amri, lakini lake yeye akaliona ombi. Hakuwa mnafiki. Alikuwa upande wa pili wa meza, na ukiwa upande huo sauti yako unaisikia laini. Nimewaona hata hapa, wasimamizi wa Hayes wanaouliza nani angependa kubaki shifti ya pili, na wazee wetu wa kanisa wanaomsifu kila aliyejitolea. Kabla hujamshukuru mtu kwa kukubali, jiulize kama angeweza kukataa na bado akabaki na alichokuwa nacho. Profesa alikufa akiamini kwamba siku ile ofisini walikuwa wawili walioamua. Aliyeamua alikuwa mmoja, na aliyelipa zaidi hakuwa yeye.