Nilikataa kufungua mlango wa gereji, gari la mazishi liko ndani na msiba unangoja

Wakuu, nawasalimu kutoka Voi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Kama wewe ni wa hapa mjini na ulisikia upande wa bosi wangu, soma na huu.

Mimi ni dereva wa gari la mazishi, mzaliwa wa Mbololo.

Gari letu linalala kwa gereji yenye ule mlango wa vipande unaopanda juu kwa reli. Kila upande kuna kebo ya chuma, imeshikwa chini kabisa ya mlango, na juu kuna springi kubwa zinazoivuta. Uzito wote unabebwa na hizo kebo mbili.

Kwa muda mlango ulikuwa unapanda upande. Kushoto mbele, kulia nyuma, na kelele za kukwaruza. Nikamwambia bosi.

"Paka grisi," akasema.

Nikapaka. Hakuna kilichobadilika. Grisi haiungi waya uliokatika, wakuu.

Sasa asubuhi moja tulikuwa tumzike mzee Mwadime wa Mghange, huko juu mlimani, alikuwa muuza mboga. Mjane wake, Mama Wakio, alikuja gereji na vijana wa familia wafunge maua kwa gari kabla twende mochari.

Niliingia kwa kamlango ka pembeni nipanguse gari. Kuinama, nikaona ile kebo ya kulia, pale karibu na sakafu ambapo maji ya kuosha gari husimama kila siku. Kutu tupu. Nyuzi zimekatika na kusimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Zilizokuwa bado nzima zilikuwa chache, na ndizo zilizoshikilia kila kitu.

Zamani nilifanya kazi kwa shamba la mkonge. Niliona waya wa kuvutia trela ukikatika. Mwenzetu alikuwa amesimama karibu. Alipoteza jicho.

Nikatia kufuli kwa ndani, ufunguo mfukoni, nikatoka nje.

Bosi akafika. "Mbona hujafungua?"

"Kebo imeisha, bosi. Huu mlango haufunguliwi leo."

"Umefunguka jana!"

"Jana sikuwa nimeiona."

Kijana mmoja wa familia akavua koti. "Tuko wengi, tutauinua tu."

Nikamwambia hiyo kebo ikikatika itachapa mtu kama kiboko, halafu mlango wenyewe ushuke kwa shingo ya mwingine. Akaniangalia kama nimelewa. Bosi akaanza kupiga kelele, ati namwaibisha mbele ya wateja, ati nimpe ufunguo ama kazi nimeacha.

Nikasema, "Kazi chukua. Ufunguo sikupi."

Nilijua nachelewesha mazishi ya mtu, na hiyo si kitu ndogo kwetu. Lakini miguu yangu haikusonga.

Mama Wakio ndiye aliongea. Aliingia mwenyewe kwa kamlango ka pembeni, akachungulia nilipomwonyesha, akatoka akifunga leso yake vizuri.

"Huko juu wamechimba kaburi moja," akasema. "Mwiteni Mwakio aliyekuwa akimbebea mzee mboga, alete pickup."

Bosi akasema pickup ya mboga si heshima kwa marehemu.

"Mume wangu ameshuka huo mlima na kabeji kwa hiyo pickup miaka yote," mama akamjibu. "Leo apande nayo."

Pickup ikaja. Tukaiosha, tukatandika leso, tukafunga maua. Usukani nikashika mimi, tukapitia mochari kumchukua mzee. Bosi alibaki barabarani akinipigia simu, sikushika. Tulifika Mghange tumechelewa, ukungu umeshuka, na watu walikuwa bado wanaimba. Mzee alizikwa vizuri.

Baadaye bosi akaita fundi wa milango, nadhani ndio anithibitishie mimi ni mjinga. Fundi alibana mlango kwa reli usisonge, akalegeza springi polepole na vyuma vyake maalum. Hapo ndio pa hatari, usijaribu na spana ya nyumbani. Kisha akashika ile kebo ya kulia, akaivuta kwa mkono. Ikamkatikia mkononi.

Akabadilisha zote mbili, unene ule ule, maana ya kushoto ilikuwa imezeeka pia. Akakaza springi tena, akauachia mlango kiunoni. Ukakaa hapo hapo, hauendi juu wala chini, ndio dalili springi na kebo ziko sawa.

Mnajua bosi alisema nini? "Lakini ilikuwa imeshika tu." Hajaomba msamaha mpaka leo. Kazi alinirudishia kwa sababu familia nyingi zinaniulizia mimi.

Kuna wenye wananiita mwoga mpaka sasa, hapo stage ya matatu wakiniona wanacheka. Waniite tu. Mimi naitika, na mikono yangu yote miwili iko, macho pia.

Funzo ni hili: mlango ukianza kupanda upande, usiuzoee. Ukiwa umefungwa, chuchumaa uangalie kebo pale chini. Kwa macho tu, usiguse, halafu ita anayejua. Na anayekuharakisha mwambie aje asimame chini ya mlango yeye.

Kama unaona nilikosea kuchelewesha msiba wa watu, andika hapa chini. Nitakujibu. Lakini ufunguo bado sikupi.