Mama Bella na Misa ya Mvua

Ni saa moja asubuhi, Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Fébronie Nabintu anapanda juu ya stuli, anafuta umande kwenye paneli ya sola kwa pindo la kitenge chake, kisha anashuka na kuanza kupokea simu za wateja. Kila simu anaibandika kipande cha plasta chenye namba. Za vitufe zinakwenda rafu ya chini, za kioo rafu ya juu, mbali na mikono ya wapita njia. Kwenye kona ya kibanda, spika yenye ukubwa wa bakuli inatoa fidla zinazokimbizana.

Kijana wa bodaboda anauliza kama hakuna muziki wa kuchangamsha.

"Hii inachangamusha," anajibu Fébronie bila kugeuka. "Ni weye haujaamuka."

Ana miaka arobaini na tisa, na yuko hapa tangu mwaka 2017, alipokimbia vita Kivu Kusini na watoto wawili wa kiume. Majirani wanamwita Mama Bella, kwa jina la binti yake wa kwanza. Kwa muda mrefu jina hilo lilimchoma, kwa kuwa Bella alishafanyiwa matanga. Lakini tangu Machi mwaka huu mama huyu hajui tena kama alimlilia marehemu au alimlilia mtu aliye hai. Kilichomvuruga ni rekodi ya dakika sita.

Kila Jumapili baada ya ibada, watu saba au wanane hukaa kwenye madumu mbele ya kibanda chake. Hawaji kuchaji. Wanakuja kusikiliza okestra na kwaya za Ulaya, ule muziki ambao wengi wetu huusikia redioni pale tu kiongozi anapofariki. Aliyeanzisha mambo haya ni Léopold Bisimwa, aliyefundisha muziki katika seminari ndogo huko kwao na sasa analima maharage. Alivuka mpaka na kadi ya memori iliyoshonewa kwenye ukosi wa shati.

Kadi ilipohamishiwa simu nyingine, majina ya rekodi yote yalifutika. Wasikilizaji wakazibatiza upya. Kuna Mzee Anayekohoa, kuna Fidla za Mawifi, na kuna Kiti, iliyopewa jina hilo kwa sababu katikati ya kinanda kinachomtoa mtu machozi, msikilizaji mmoja anajigeuza na kiti chake kinalia.

"Mutu akisema tu 'ni muzuri', tunamupita," anasema Léopold. "Aseme amesikia nini. Kama amesikia mbuzi, aseme mbuzi."

Mwanachama mmoja hakai kwenye madumu. Huyo ni Kemigisha, mke wa sajini anayepiga tromboni katika bendi ya jeshi, anayeishi kwenye kambi ya jeshi mjini Mbarara. Alikuja kununua maharage ya Léopold, akakuta watu wazima wanabishana juu ya fidla, akasahau hata kupima gunia. Siku hizi hutumiwa rekodi kwa simu na hurudisha maoni kwa ujumbe wa sauti, na maoni yake hayana simile. Kuhusu mwimbaji mmoja wa kike mwenye sauti ya juu alisema: "Huyu mama analia kama mtu ng'ombe yake imegongwa na lori pale barabarani Biharwe." Kundi lilicheka wiki nzima.

Fébronie naye alicheka. Alikuwa anajifunza kucheka tena.

Bella alikuwa na miaka kumi na sita alipopotea. Aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia yao, milimani juu ya Ziwa Tanganyika. Alasiri moja ya mazoezi, watu wenye silaha walifika. Fébronie alikuwa shambani na wanawe wadogo.

"Tuliona moshi," anasimulia. "Nikakimbia kuenda kule, bantu bakanishika. Bakasema kanisa inawaka, hakuna mwenye alitoka. Bakasema kama unarudi, hawa babili nani atabalea? Njo tukashuka ku ziwa."

Hakuona mwili wala kaburi. Alipofika Nakivale, Wakongo wenzake wakamkalia matanga siku tatu. Naye akapiga moyo konde, akanunua paneli moja kuukuu, akaanza kuchaji simu kwa shilingi mia tano. Siku za mawingu hapati kitu. Tangu mgao wa chakula upunguzwe, mwanawe mkubwa ameacha shule na anabeba matofali.

Machi iliyopita, miongoni mwa wakimbizi wapya, akaja mtu anayeitwa Bienfait. Hakuwa na hela ya kuchaji, kwa hiyo akatoa kadi yake ili Fébronie anakili nyimbo. Ndani yake mlikuwa na kwaya inayoimba misa ya wafu kwa Kilatini. Aliyerekodi alitumia simu tu, na hakukuwa na ala isipokuwa kinanda kimoja cha kukanyaga. Jumapili hiyo Léopold akaiweka kwenye spika.

Hata ubeti wa kwanza haukuisha. Fébronie aliinuka, akaenda nyuma ya kibanda. Wenzake walidhani misa imemgusa, wakamwacha.

"Bella alikuwa na tabia moja," anasema. "Anaingia mu wimbo mbele ya wenzake. Kidogo tu. Mwalimu alikuwa anamugombeza kila siku. Sasa ninamusikia, anaingia mbele."

Hakuwaambia kitu. Moyoni alijiambia kwamba hii ni rekodi ya zamani, ya kabla ya moto, na kwamba Mungu amempa sauti ya mwanawe azeeke nayo. Alilia sana siku hiyo, lakini anakiri alilala vizuri kuliko siku zote za ukimbizi wake.

Kesho yake ukaingia ujumbe wa Kemigisha, naye Fébronie akaufungua mbele ya wateja.

"Hawa waimbaji mimi siwajui," Kemigisha alisema. "Mimi nimependa mvua. Sikia, nyabo, mvua inapiga mabati kabisa, lakini hawa watu hawanyamazi, wanapandisha sauti. Hapo ndiyo nimelia."

Simu ya mteja ilimponyoka mkononi, kioo kikapasuka.

Kanisa lao halikuwa na mabati. Lilikuwa na vigae vya udongo tangu enzi za bibi yake, na mvua juu ya vigae haipigi kelele ile. Vigae hivyo, aliambiwa, viliporomoka siku ya moto. Kama waimbaji wamefunikwa na mabati, basi wameimba baada ya siku ile. Na kama sauti ni ya Bella, basi Bella alitoka.

Léopold hakukubali. Alisikiliza mara nyingi, macho kayafumba, halafu akasema alichokisikia, kama sheria yake inavyotaka.

"Korali inaweza kuenda kuimba fasi ingine, kwenye kuko mabati, mbele ya vita kuanza," anasema. "Na sauti za pili zinafanana mingi. Mimi ninasikia mutoto wa miaka kumi na sita. Mama Bella anasikia mwanamuke mukubwa. Sipendi kumupatia matumaini ya bure."

Walinuniana Jumapili mbili. Fébronie alimwona Léopold kama mtu anayemzika Bella mara ya pili, na alimwambia hivyo usoni.

Bienfait hakuwa na msaada. Kadi alipewa na mwenzake aliyekuwa akikimbia naye, na mwenzake huyo alipigwa risasi kabla ya kufika ziwani. Mwenzake hakuwahi kumwambia nani aliimba, wala wapi.

Fébronie akafunga kibanda, akaenda Mbarara. Sajini Ahimbisibwe, mume wa Kemigisha, alivaa hedifoni zake kubwa za mazoezi, akasikiliza hadi mwisho, akarudia. Alipozivua, hakumdanganya.

"Mama, mabati nasikia," alimwambia. "Mtoto wako mimi simjui."

Ameandikisha jina la Bella kwenye shirika linalotafuta ndugu waliopotezana. Wamemwambia asubiri, kwa kuwa eneo hilo liko mikononi mwa wapiganaji na hakuna anayeingia. Simu za huko hazishiki.

Unamtazamia mama wa namna hii awe na furaha, walau kidogo. Fébronie hana. Anatazama chini anapolisema hili, na sauti yake inashuka.

"Kama alikufa, nilimulilia vizuri, nilimaliza. Kama aliishi, nilimuacha. Alitoka mu moto, akatafuta mama yake, hakuna. Siku zingine ninaomba ikuwe si yeye. Unaona mama wa namna gani anaomba hivyo?"

Kemigisha, aliyekuja siku hiyo kuchukua maharage na kukaa karibu naye, akamshika mkono. "Wacha, maama," akasema. "Ungerudi, ungekufa na hawa wawili."

Fébronie hakuutoa mkono.

Amejitafutia njia yake. Kila wiki kuna watu wanaorudi Kongo kuchungulia mashamba au ndugu, na wengi hupita kwake kujaza nyimbo kwenye simu. Kuanzia Juni, anawaomba ruhusa ya kuongeza rekodi moja zaidi. Wapo wanaokataa, kwa kuhofia kupekuliwa vizuizini. Wengi hukubali, na waliokubali hawatozwi.

Ndani ya rekodi hiyo Fébronie anaimba sauti ya pili ya misa ile ile, na Léopold anaimba ya kwanza. Mzee bado haamini kwamba ni Bella, ila alikuja mwenyewe siku ya kurekodi, amevaa shati lililopigwa pasi. Baada ya wimbo, mama anataja jina lake, jina la Bella, na mahali kibanda kilipo.

Hadi sasa hakuna aliyejibu.

Mpango wake ni kuendelea. Hata hivyo hatumii rekodi ya Juni. Kila mwezi mpya unapoanza anaifuta, anamwita Léopold, na wanaimba upya wimbo wote tangu mwanzo. Namuuliza kwa nini anajichosha hivyo, na ile ya kwanza ilikuwa safi.

"Ninataja mwezi na mwaka," anasema. "Ikiisha, ninataja ingine. Sitaki asikie sauti ya mama yake, kisha akae anajiuliza kama mama iko muzima ao alishakufa."